Heda ya injini ya rota: jinsi bomba linavyobadilisha mlio wa sailensi

Kijana mmoja aliingia gereji Jumamosi asubuhi na Mazda RX-8 ya bluu, gari lenye injini ya rota. "Shikamoo fundi." Sijamaliza kuitikia marahaba, simu ilikuwa tayari mbele ya macho yangu. Kwenye video kulikuwa na RX-7 ya zamani imesimama, hakuna aliyekanyaga mafuta, nayo inapiga: brap, brap-brap, brap. "Nataka uniundie heda itakayotoa mlio huu."

Nilimjibu kama ninavyowajibu wote. Mlio ule hauzaliwi kwenye heda, yale mabomba ya kwanza yanayopokea moshi kutoka kwenye injini. Unazaliwa ndani ya injini, kwenye milango ya hewa na moshi. Kazi ya heda ni kuupokea na kuusafirisha. Ikitengenezwa vizuri mlio unatoka safi, ikitengenezwa ovyo unavurugika njiani. Asiyeelewa hilo atakata mabomba matatu na kuyatupa yote.

Maelezo haya ni kwa mwenye 12A au 13B, injini za rota za Mazda, au mwenye RX-8 anayetaka kujua gari lake linaweza nini. Ninaposema sailensi namaanisha ile ya mafundi wetu: injini inazunguka yenyewe bila mguu kwenye mafuta. Kopo la kupunguza kelele kule nyuma nitaliita mafla, tusichanganyane.

Kwanza elewa pigo linatoka wapi

Rota, ile pembetatu inayozunguka mahali pa pistoni, ina nyuso tatu, kila uso na chumba chake cha kuwakia, na inapozunguka mara moja shafti inazunguka mara tatu. Kwa hiyo kila rota inachoma mara moja kwa kila mzunguko wa shafti. 13B ina rota mbili zilizopishana nusu mzunguko, basi unapata mapigo mawili ya moshi kwa kila mzunguko, sawa na injini ya silinda nne. Sailensi ikiwa 750 kwa dakika, hayo ni mapigo 25 kwa sekunde. Kati ya pigo na pigo kuna milisekunde 40. Shika namba hiyo, tutaitumia.

Kama idadi ya mapigo ni sawa na ya Corolla, mbona mlio si sawa? Sababu ni mbili. Ya kwanza, hakuna valvu inayoinuka polepole. Kwenye 13B ya zamani mlango wa moshi umetobolewa ukingoni mwa nyumba ya rota, na ncha ya rota inapoupita mlango unafunguka kwa ghafla. Moshi unatoka kwa kishindo chenye makali. Ya pili ndiyo mama wa brap: kuna muda ambao mlango wa moshi haujafungwa na wa hewa umeshafunguka. Injini ikiwa polepole, moshi unarudi kwenye njia ya hewa na kuchafua mchanganyiko mpya. Chumba kimoja kinashindwa kuwaka, injini inapiga misi, kinachofuata kinapata hewa safi zaidi na kuwaka kwa nguvu. Mdundo unavunjika: pap... pap-pap... pap.

Ndiyo maana mafundi wa rota huchonga tundu la ziada lenye umbo la nyusi juu ya mlango wa hewa, wakiacha kijidaraja chembamba cha chuma ambacho sili ya kona ya rota (kizuizi cha kuvuja) inapita juu yake. Tundu hilo linarefusha muda wa milango yote miwili kuwa wazi. Injini iliyochongwa hivyo mara nyingi haitulii chini ya 1000 kwa dakika, na ndiyo inayosikika kwenye video nyingi. Mazda 787B iliyoshinda Le Mans mwaka 1991 ilikuwa na rota nne, na milango yake ya hewa ilikuwa ukingoni pia, kama ya moshi. Usitarajie heda ikupe kile ambacho pale kilitolewa na milango.

RX-8 ni habari nyingine

Injini ya RX-8, Renesis, iliyoingia sokoni mwaka 2003, imehamishia milango ya moshi kwenye kuta za pembeni. Mlango wa moshi unafungwa kabla wa hewa haujafunguka. Hakuna kuingiliana, basi hakuna moshi unaorudi, na hakuna brap. Halafu ukifungua manifoldi yake ya moshi, yaani heda ya kiwandani, utakuta matundu matatu, si mawili: moja mbele, moja nyuma, na la katikati ambalo rota zote mbili zinalitumia kwa pamoja. Hata ukitaka kutenganisha mapigo ya rota mbili kwa mabomba yao wenyewe, lile la katikati limeshayachanganya kabla hayajafika kwako.

Heda kwenye RX-8 itakupa sauti nzito kidogo na iliyo wazi zaidi, hasa ukikanyaga mafuta. Mdundo hautabadilika. Mwenye gari akikubali hilo mapema, mnabaki marafiki.

Pima injini kabla ya kupima bomba

Hapa nitakaa kidogo, maana nimeona watu wakisifia "brap" ambayo kumbe ni ugonjwa. RX-8 yenye koili iliyochoka inapiga misi kwenye sailensi, na mwenyewe anafurahi akidhani gari limepata tabia. Mafuta ambayo hayakuwaka yanakwenda kuwakia kwenye katalisti (kisafisha moshi kilicho kwenye bomba), katalisti inayeyuka, inaziba njia ya moshi, joto linarudi kwenye injini, na sili zinakufa.

Pima kompresheni injini ikiwa ya moto. Kata umeme wa koili na mafuta, kanyaga mafuta hadi mwisho ili hewa iingie, toa plagi na ufunge geji kwenye tundu lake. Geji ya kawaida ya injini ya pistoni inashika namba kubwa tu na kukuficha mengine. Rota moja ina vyumba vitatu, na unaweza kuwa na viwili vizima na kimoja kilichokufa. Toa kile kivalvu kidogo kinachozuia hewa kurudi, kisha piga stata na uangalie mshale. Unatakiwa kuruka mara tatu, kwa urefu unaolingana: tup, tup, tup. Ukiona tup, tup, kisha kimya, acha habari za heda. Kwenye RX-8 kiwango cha chini kinachokubalika ni kilopaskali 680 shafti ikizungushwa 250 kwa dakika. Chini ya hapo pesa ya heda iende kwenye injini.

Ikiwa ni nzima, rekodi mlio ulivyo sasa. Weka simu mita moja kutoka mdomo wa bomba, pembeni kidogo upepo wa moshi usiipige, injini ya moto, kiyoyozi kimezimwa. Andika sailensi ni ngapi. Fanya kazi hii nje, si ndani ya gereji, maana moshi wa rota una sumu ya kutosha kumlaza mtu. Bila rekodi hii utabaki unabishana na kumbukumbu zako.

Chagua mpangilio: mfupi, mrefu, au mabomba mawili hadi nyuma

Uamuzi huu ndio unaobadilisha sauti kuliko mengine yote, na ndio watu wanaoufanya kwa kuangalia nafasi iliyopo tu.

Kuna jambo moja la 13B ambalo fundi wa pistoni hulisahau. Mlango wa moshi unafunguka takribani digrii 75 kabla ya mwisho wa mwendo wa kuwaka na kufungwa karibu digrii 40 baada ya mwisho wa mwendo wa kutoa moshi. Kwa kuwa mwendo mmoja wa rota ni digrii 270 za shafti, jumla inazidi 360, ilhali chumba kipya kinafika mlangoni kila baada ya 360. Maana yake, mlango wa moshi wa 13B ni kama haufungwi kabisa: chumba kimoja hakijamaliza, kingine kimeshaanza. Kwenye injini ya pistoni, pigo la jirani likirudi mara nyingi linakuta valvu imefungwa. Hapa linakuta mlango wazi. Rota mbili zinasikiana kupitia heda muda wote, na mahali unapoyaunganisha mabomba yao ndipo unapoamua zisikiane kwa karibu au kwa mbali.

*Heda fupi.* Mabomba ya sentimita 40 hadi 60, kisha kolekta, pale yanapoungana kuwa bomba moja. Inaingia kirahisi, haigusi usukani wala gearbox. Mapigo yanakutana yakiwa bado ya moto na yenye nguvu, yanaingiliana mapema, na sauti inakuwa moja, ya bati kidogo. Kwa hesabu ya haraka, sauti ndani ya moshi wa moto inakwenda takribani mita 550 kwa sekunde. Bomba la nusu mita linavuma kwenye robo ya wimbi lake, kama mitetemo 275 kwa sekunde. Ndiyo ile sauti ya puani unayoisikia kwenye heda fupi.

*Heda ndefu.* Kila rota na bomba lake hadi chini ya gari, mita mbili hivi, ndipo kolekta. Kwa hesabu ile ile uvumaji unashuka hadi kama mitetemo 69 kwa sekunde, sauti ambayo unaisikia kifuani kabla haijafika sikioni. Na kwa kuwa rota hazivurugani karibu na mlango, kila pigo linabaki na umbo lake. Kwa 13B isiyo na turbo, iliyochongwa kiasi, ya kutembelea barabarani, hii ndiyo ninayoipendekeza bila kusita. Sailensi inasikika kama mtu anayepiga ngoma kwa mikono miwili, na unaweza kuhesabu mikono.

*Mabomba mawili hadi nyuma, bila kuungana.* Kila bomba linabeba pigo moja kwa mzunguko, yaani 12 au 13 kwa sekunde kwenye sailensi ya 750. Mdundo unakuwa wazi kuliko popote, kama pikipiki mbili zilizoegeshwa pamoja. Lakini unapoteza ule mvuto ambao rota moja inampa mwenzake kwenye kolekta, unahitaji mafla mbili mbili, na uzito unaongezeka. Siipendi kwa gari la kila siku.

Watu wengi huniuliza kuhusu mabomba yasiyolingana urefu. Wanasikia Subaru zinavyonguruma wanadhani ni urefu tu. Tofauti ya sentimita 30 inachelewesha pigo kwa nusu milisekunde, na kati ya mapigo una milisekunde 40. Sikio halitauona mdundo umepinda. Kinachosikika ni tofauti ya nguvu: bomba lenye kona nyingi linadhoofisha pigo lake, moja linatoka kubwa na lingine dogo, na unasikia PAP-pap, PAP-pap. Kwa hiyo usihangaike kulinganisha urefu hadi milimita. Hangaika kulinganisha kona: idadi yake, na ukali wake.

Kipenyo na lile tundu la kwanza

Kwa 13B mabomba ya rota ya milimita 48 hadi 51 yanatosha, na baada ya kolekta milimita 63 hadi 76. Ukipanua zaidi kwa injini ambayo haijachongwa, moshi wa sailensi unapoa na kupunguza mwendo ndani ya bomba, na mlio unakuwa mtupu, kama mtu anaongea ndani ya tangi la maji.

Tundu la flenji, lile bati nene linalofungia heda kwenye injini, lazima lisiwe dogo kuliko mlango wa injini, hata kwa milimita moja. Ukingo unaochungulia ndani unapigwa na kila pigo na kurudisha sehemu yake nyuma, na kwenye sailensi unasikia mkwaruzo. Chukua gasketi mpya, iweke kwenye nyumba ya rota yenyewe, pitisha kidole kuzunguka mlango, ndipo uchore flenji kwa kuifuata. Gasketi za nakala huwa hazilingani na mlango.

Ukiwa hapo chungulia ndani. Baadhi ya 13B zisizo na turbo zilitoka kiwandani na kigawanyio ndani ya mlango wa moshi, kimewekwa hasa kupunguza kelele. Heda nzuri kiasi gani nyuma ya kigawanyio hicho itatoa sauti ya upole. Kukitoa maana yake ni kufungua injini au kubadilisha nyumba, kwa hiyo kijue mapema usije ukalaumu bomba.

Kolekta

Mabomba mawili yakutane yakielekea upande mmoja, kwa pembe ndogo, nyuzi 10 hadi 15. Yakikutana kama herufi T, pigo la rota ya mbele linaingia moja kwa moja kwenye bomba la rota ya nyuma na kugonga mlango ulio wazi. Kwenye sailensi hilo linasikika kama kukohoa, na injini yenyewe inatikisika.

Ile ncha ya ndani ambapo kuta mbili zinakutana, iwe kali kama ulimi wa kisu. Kata mabomba yote mawili kwa pembe, yapange mezani, shika juu ya taa uone mwanga haupiti katikati, ndipo uchomelee. Nilishafungua kolekta ambayo fundi aliacha uvimbe wa kulehemu ndani wenye ukubwa wa kokwa la embe. Baada ya kuusaga kwa grinda, hatukubadilisha kingine chochote, mwenye gari alisikia tofauti akiwa bado nje ya geti.

Chuma na kuchomelea

Rota inatoa moshi wa moto kuliko injini ya pistoni; kwenye mzigo joto linapita nyuzi 900. Heda yangu ya kwanza niliitengeneza kwa bomba jeusi la milimita 1.5, lile la madirisha. Ilisikika vizuri kwa majuma machache. Siku moja kwenye foleni nikasikia mlio umebadilika: pss-pap, pss-pap. Ufa ulikuwa umezunguka nusu ya bomba chini ya flenji, na plastiki ya waya jirani ilikuwa imeanza kuchuruzika.

Tumia chuma kisichoshika kutu, daraja 304 au bora zaidi, unene wa milimita 1.6 kwenda juu. Flenji milimita 10 hadi 12. Ukichomelea kwa tigi, jaza gesi ya agoni ndani ya bomba, la sivyo upande wa ndani utaota magamba meusi yanayoanzisha ufa. Funga flenji kwenye nyumba ya rota ya spea, shona nukta nukta kwanza, kisha chomelea vipande vifupi ukiruka upande huu na ule. Ukimaliza, kata flenji katikati ya matundu mawili ili kila upande utanuke peke yake. Heda ndefu ishikwe na mkono wa chuma kwenye gearbox, na nyuma yake iwepo sehemu ya kunyumbulika. Uzito wa mita mbili za bomba usining'inie kwenye bolti za flenji.

Uvujaji mdogo kwenye flenji unatoa tik-tik-tik ambayo wengi wanaipenda. Usiipende. Kati ya pigo na pigo tundu hilo linavuta hewa ya nje, sensa ya oksijeni inadhani mafuta ni machache, kompyuta inaongeza mafuta, na sailensi inaanza kupanda na kushuka yenyewe. Paka maji ya sabuni kwenye maungio, puliza hewa ya kompresa kwa nyuma, tafuta mapovu. Sensa yenyewe iweke baada ya kolekta isome rota zote mbili, na iwe ya kujipasha moto, kwa sababu kwenye heda ndefu moshi wa sailensi unafika hapo umeshapoa.

Ukiwa na turbo

Turbo inakula mapigo. Feni ya moshi ndani yake inayakatakata kabla hayajafika kwenye bomba, na RX-7 ya mwaka 1991 kuendelea yenye turbo mbili za kupokezana inatulia sana ikiwa haijaguswa. Ukihamia turbo moja, chagua yenye mdomo uliogawanywa, na uendeleze mgawanyo huo ndani ya manifoldi hadi kwenye rota. Mdundo utabaki. Ukichanganya rota kabla ya turbo, injini hata ikiwa imechongwa itasikika kama inazungumza na mto usoni.

Mafla, kisha sailensi yenyewe

Baada ya kazi yote hiyo, usiifunge heda kwenye mafla ya vyumba vyumba. Tumia ya kupita moja kwa moja yenye sufi ya chuma. Sufi ya glasi peke yake inaungua na kupeperushwa na moshi wa rota. Weka moja katikati na moja nyuma. Zinachukua makali ya juu yanayochosha masikio na kuwaudhi majirani, na kuacha pigo la chini lipite.

Mwisho rekebisha sailensi. Wapo wanaoishusha hadi injini ikaribie kuzimika ili ipige brap. Presha ya oili inashuka pamoja nayo, na beringi zinalipa. Wapo wanaochomoa waya wa plagi. Nimeshaeleza mafuta yasiyowaka yanakwenda wapi. Iache injini kwenye mwendo ambao inazunguka bila kuhema: 750 kwa ambayo haijaguswa, 1000 au zaidi kwa iliyochongwa.

Endesha hadi ipate moto, zima, subiri ipoe kabisa, kaza bolti za flenji. Rudia mara tatu. Halafu weka simu pale pale, mita moja, urekodi tena, na usikilize rekodi mbili kwa spika za masikioni usiku kukiwa kimya. Yule kijana wa RX-8 tulimfungia heda na mafla mpya baada ya kubadilisha koili zote nne. Haipigi brap. Inanguruma chini, laini, haikosi hata pigo moja, na sasa kila akipita anapunguza mwendo mbele ya gereji ili niisikie.